Nibu na Mwandiko



Mwalimu wetu wa Kiswahili alinitaka niandike katika gazeti hili somo moja lenye manufaa. Nilifikiri siku nyingi. Wengine tayari wameandika juu ya ufugaji wa nyuki, juu ya kupatwa kwa jua, na juu ya safari yao ya mlimani. Mimi nimechagua nibu ya kalamu ya wino, kitu kidogo tu. Nimekichagua kwa sababu mbili. Ya kwanza ni kwamba mzee mmoja aliyesoma hapa zamani alituletea sanduku la kalamu za wino kumi na mbili, zenye nibu za namna mbalimbali, nasi wa chama cha uandishi tumezijaribu mwaka mzima. Ya pili ni kosa langu mwenyewe. Nitalieleza kwanza, ili msomaji ajue kwamba habari hii si ya urembo tu.

KOSA LANGU

Katika muhula wa pili wa mwaka jana nilikuwa nikimsaidia Bruda mhazini kuandika vikaratasi vya ada. Kila mwanafunzi hupewa kikaratasi kimoja akipeleke nyumbani, nacho huonyesha fedha alizobakiza. Wakati ule nilikuwa nimeipenda mno nibu moja nene, maana iliufanya mwandiko wangu uonekane kama wa mtu mwenye cheo. Basi nikaviandika vikaratasi vyote kwa nibu ile. Vikaratasi vilikuwa vidogo, nafasi ya tarakimu ilikuwa ndogo zaidi, na karatasi yenyewe ilikuwa ya namna ile inywayo wino.

Mtoto mmoja wa kidato cha kwanza alikuwa amebakiza shilingi 30,000. Tarakimu yangu ya 3 ilijifunga upande wa kushoto, ikawa kama 8. Mama yake alisoma 80,000. Alistaajabu, lakini akasema shule haiwezi kukosea, akauza kuku wake watatu waliokuwa wakitaga. Siku ya kufungua shule mtoto akaja na fedha zote mkononi. Bruda akafungua daftari lake kubwa, akaona 30,000, akaniita.

“Soma hapa,” akaniambia.

Nikasoma, “Elfu thelathini, Bruda.”

“Wewe wajua kwa kuwa uliandika wewe. Sasa jifanye mama yake, kisha usome tena.”

Nikakitazama kile kikaratasi, nikanyamaza.

Fedha zilizozidi zilirudishwa siku ile ile, lakini kuku hawakurudi. Tangu hapo nimetaka kujua sababu: kwa nini mkono ule ule, wa mtu yule yule, huandika 3 iliyo wazi kwa kalamu moja, na kwa kalamu nyingine huandika kitu kisichojulikana ni 3 au 8? Haya yafuatayo ndiyo niliyoyapata.

1. NIBU HUFANYAJE KAZI?

Itazame nibu kwa makini. Ni kipande cha chuma kisichoshika kutu, au cha dhahabu, kilichokunjwa kidogo mfano wa kigae cha paa. Katikati yake mna ufa mwembamba uanzao kwenye tundu dogo na kufika hadi nchani. Ufa huo huigawa ncha kuwa meno mawili. Penye ncha kabisa pamechomelewa kipunje cha madini magumu, kwa desturi mchanganyiko wa madini ya jamii ya platina kama iridiamu, ili ncha isilike upesi kwa kusuguana na karatasi. Chini ya nibu kuna ulimi mweusi wenye mifereji midogo. Wino hupita katika ulimi huo kutoka ndani ya kalamu, na hewa huingia kwa njia hiyo hiyo kushika mahali pa wino uliotoka.

Wino hausukumwi. Huvutwa. Kila mtu ameona jinsi utambi wa taa unavyonyonya mafuta na kuyapandisha juu, ingawa hakuna mtu ayasukumaye. Nguvu iyo hiyo ndiyo ivutayo wino ndani ya ufa wa nibu, na ncha igusapo karatasi, karatasi nayo huuvuta. Kwa hiyo kalamu ya wino haihitaji kukandamizwa hata kidogo. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Lakini ufa wa nibu ukizibwa na wino mkavu, hutaandika hata neno moja.

Hapa ndipo kalamu ya wino itofautianapo na biro. Katika biro mna kigololi kidogo ambacho hapana budi kizungushwe juu ya karatasi, na wino wake ni mzito. Biro tutumiazo zatokana na kazi ya László Bíró, mtu wa Hungaria aliyepata hati ya uvumbuzi wake mwaka 1938, na baadaye akafanya kazi Argentina. Kalamu ya wino ni ya kale zaidi: Lewis Edson Waterman wa New York alipata hati ya uvumbuzi mwaka 1884 kwa kalamu yenye ulimi ulioongoza wino na hewa vizuri. Sisi tuliozaliwa katika zama za biro tumezoea kukandamiza. Tukishika kalamu ya wino twaikandamiza vile vile, meno yake yakatanuka, mstari ukawa mnene kuliko ilivyokusudiwa, na mwisho nibu ikapinda.

2. UNENE WA NIBU

Nibu nyingi zina ncha ya mviringo. Juu yake huchongwa herufi moja au mbili: EF ni nyembamba sana, F ni nyembamba, M ni ya wastani, na B ni nene. Kwa kalamu nyingi za Ulaya, F huandika mstari wenye unene wa nusu milimita au kuzidi kidogo, M karibu milimita 0.7 au 0.8, na B karibu milimita 1. Lakini viwanda havifuati kipimo kimoja. Kalamu za Kijapani kwa kawaida ni nyembamba zaidi, hata M ya Japani yaweza kulingana na F ya Ulaya. Kwa hiyo usiamini herufi iliyochongwa peke yake. Piga mstari, kisha upime.

Sasa tufanye hesabu ndogo, maana kosa langu lote limo humo.

Tarakimu ya 3 ina mistari mitatu ilalayo: wa juu, wa katikati na wa chini. Kati yake mna nafasi mbili nyeupe. Macho yetu hutambua 3 kwa sababu nafasi hizo mbili ziko wazi upande wa kushoto. Zikizibwa, hatuna njia ya kuitofautisha na 8.

Tuseme tarakimu ina kimo cha milimita 3, kama zile nilizoandika katika vikaratasi. Ukiandika kwa nibu ya nusu milimita, mistari mitatu huchukua milimita 1.5. Hubaki milimita 1.5 kwa nafasi mbili, yaani milimita 0.75 kila moja. Mtu mzima mwenye macho ya kawaida huziona bila taabu. Lakini ukiandika kwa nibu ya milimita 1, mistari mitatu huchukua milimita 3, nayo ndiyo kimo chote. Nafasi nyeupe ni sifuri. Si kwamba mkono wangu ulikuwa mbaya siku ile. Hata mwandishi hodari kuliko wote asingeweza kuandika 3 iliyo wazi mahali pale kwa nibu ile.

Hesabu hii yahusu herufi pia. Herufi e ina mistari mitatu ilalayo na jicho moja. Jicho lake likizibwa, yafanana na i iliyokosa nukta. Katika lugha yetu hili si jambo dogo. Andika kwa nibu nene, kwa herufi ndogo, “Bibi alinilea,” na msomaji atasoma “Bibi alinilia.” Ulitaka kumshukuru bibi yako, kumbe umetangaza msiba.

Basi kanuni ya kwanza ni hii: chagua nibu kulingana na ukubwa wa herufi zako. Mwenye herufi ndogo achukue nyembamba, mwenye herufi kubwa aweza kuchukua nene. Asiyetaka kuiacha nibu yake nene, na akuze herufi zake. Sharti kimoja kimfuate mwenzake.

3. JE, NYEMBAMBA NDIYO BORA SIKU ZOTE?

Nilipoonywa na Bruda, nilikimbilia nibu nyembamba kuliko zote zilizokuwa sandukuni. Nilidhani nimepona. Wiki ya pili nikapata aibu nyingine. Niliandika insha juu ya mzazi wangu, na rafiki yangu akaisoma kwa sauti mbele ya chama: “Bubu yangu ni mtu wa maneno mengi.” Wote wakacheka. Nilikuwa nimeandika “Baba yangu.”

Sababu ni hii. Ncha nyembamba sana hugusa karatasi mahali padogo mno. Mkono ukienda mbio, au ukibadili mwelekeo ghafula, wino hukatika kidogo. Herufi a huanza kwa kupinda juu. Mahali pale wino ulikatika, a ikabaki wazi juu, ikawa u. Lugha yetu imejaa herufi a: hesabu mwenyewe katika ukurasa wowote wa gazeti hili. Kalamu isiyoweza kufunga a haitufai.

Tena nibu nyembamba hukwaruza. Karatasi za madaftari ya bei rahisi zina nyuzi zilizolegea, na ncha kali huzichimbua, zikanasa katika ufa, kisha kila mstari ukafuatwa na mkia. Hivyo nibu nyembamba yataka karatasi laini na mkono mwepesi, usioharakishwa.

Kwa mwanafunzi aandikaye kurasa nyingi kwa siku, nibu ya wastani, au F isiyo kali, ndiyo iliyotufaa zaidi. Huteleza vizuri, haikatiki, wala haizibi macho ya herufi zenye kimo cha milimita 3 hivi. Katika madaftari yenye mistari iliyoachana milimita 8, kimo hicho huacha nafasi ya kutosha kwa mikono ya juu ya b, k na l, na mikia ya g na y.

4. NIBU YA UKINGO

Katika sanduku la yule mzee zilikuwamo nibu tatu zisizo na ncha ya mviringo. Ncha yake imekatwa bapa, kama patasi ya seremala. Hizi ndizo zilizotushangaza kuliko zote, kwa maana unene wa mstari wake hautokani na nguvu ya mkono bali na upande uendao.

Shika nibu hii ukingo wake ukiwa umeinama nyuzi 45 kwa mstari wa daftari, wala usiuzungushe. Piga mstari kutoka chini kushoto kwenda juu kulia: utakuwa mwembamba kama unywele, kwa sababu ukingo wakata kwa ubavu wake. Piga mstari kutoka juu kushoto kwenda chini kulia: utakuwa mnene kabisa. Mstari wa wima na mstari wa kulala hulingana, na unene wake ni karibu sehemu saba kwa kumi za upana wa nibu. Kisha andika o. Utaona imenenepa pande mbili na kukonda pande mbili, bila wewe kukusudia. Uzuri huo wote umetoka katika umbo la ncha.

Jambo hili si geni kwa watu wa Kiswahili. Kabla ya herufi za Kilatini kuenea, Waswahili wa pwani waliandika lugha yao kwa herufi za Kiarabu. Kalamu ya maandishi ya Kiarabu ilikuwa tete lililochongwa kwa kisu na kukatwa ukingo. Neno letu kalamu latokana na Kiarabu, nalo lina undugu na neno la Kiyunani lenye maana ya tete. Mabingwa wa hati ya Kiarabu walipima herufi zao kwa nukta, yaani alama iachwayo na ukingo wa kalamu ukibonyezwa mara moja. Kanuni hiyo husemwa kuwa ya Ibn Muqla wa Baghdad, aliyefariki mwaka 940. Alifu ilikuwa na kimo cha nukta kadha wa kadha, na herufi nyingine zikafuata. Kalamu ikiwa nene, hati yote ilikua. Ikiwa nyembamba, hati yote ilipungua. Kumbe kanuni niliyoipata kwa aibu yangu ilijulikana zaidi ya miaka elfu moja iliyopita.

Huko Uingereza, Edward Johnston alifufua kalamu ya ukingo, na mwaka 1906 akatoa kitabu kikubwa juu ya kazi hiyo. Waandishi wa hati ya mlazo iliyotoka Italia hupenda mwili wa herufi uwe na kimo cha upana wa nibu mara tano. Tuipime kanuni hiyo katika madaftari yetu. Nibu yenye upana wa milimita 1.1 yataka mwili wa milimita 5.5. Kati ya mistari ya milimita 8 hubaki milimita 2.5 tu kwa mikono na mikia. Mkia wa g wa mstari wa juu utapigana na mkono wa k wa mstari wa chini. Nibu ya milimita 0.6 yataka mwili wa milimita 3, nayo hukaa kwa amani. Wenzetu wengi waliichukua ile ya milimita 1.1 kwa sababu ya uzuri wake, na kurasa zao zikawa msitu. Ukitaka kuitumia, andika kwa kuruka mstari mmoja. Yafaa kwa kadi za harusi, vyeti na vichwa vya habari, lakini si kwa maelezo ya somo la Historia.

5. NIBU INEPAYO

Ipo pia nibu ambayo meno yake ni laini. Ukishuka nayo kwa kuikaza kidogo, meno hutanuka na mstari ukanenepa. Ukipanda nayo bila kukaza, hujifunga na mstari ukakonda. Ile hati ya kizamani iliyolala sana kulia, tuionayo katika barua na vyeti vya karne ya kumi na tisa, iliandikwa kwa nibu zenye ncha kali namna hii. Mji wa Birmingham huko Uingereza ulikuwa mashuhuri kwa kuzitengeneza kwa wingi sana.

Nibu hii haifai kwa haraka. Kila herufi yataka kukaza na kulegeza, kukaza na kulegeza. Ukizidisha nguvu, wino hushindwa kuujaza ufa, na badala ya mstari mmoja mnene unapata miwili miembamba kama reli. Ukizidisha tena, meno hayarudi mahali pake. Tulikuwa nazo mbili. Sasa tunayo moja.

6. WAANDIKAO KWA MKONO WA KUSHOTO

Wenzetu wawili katika chama chetu huandika kwa mkono wa kushoto, nao walinifundisha jambo nisilolijua. Mimi nivutapo kalamu kutoka kushoto kwenda kulia, ncha hunifuata kama mbuzi afuataye kamba. Wao huisukuma, na ncha kali hujichimbia katika karatasi kama jembe. Tena mkono wao hupita juu ya maneno ambayo hayajakauka.

Mashauri yao ni haya. Wachukue nibu ya mviringo ya wastani, iliyosuguliwa vizuri, wala wasichukue nyembamba sana. Wageuze daftari ili upande wake wa juu uelekee kulia. Waweke mkono chini ya mstari, wasiuzungushe juu yake. Na wino uwe wa kukauka upesi. Mmoja wao zamani alilazimishwa kubadili mkono katika shule aliyosoma kwanza, asifaulu. Alipopata nibu imfaayo na kuligeuza daftari, mwandiko wake ulitulia ndani ya muhula mmoja, kwa mkono ule ule wa kushoto.

7. KARATASI, WINO NA HEWA

Nibu haifanyi kazi peke yake. Karatasi inywayo sana huutawanya wino pembeni, hata mstari wa milimita 0.7 ukawa karibu wa milimita 1. Kwa hiyo kwenye karatasi mbaya shuka daraja moja: kama wapenda M, chukua F.

Wino uwe ule wa kalamu za kujaza. Usitie wino mweusi wa kuchorea, ule uliochanganywa na sandarusi au kitu kama hicho. Ukikauka ndani ya ulimi haufumuki kwa maji. Osha kalamu kwa maji baridi mara kwa mara, hasa kabla ya likizo.

Wengi hulaumu nibu kwa madoa ambayo sababu yake ni hewa. Kalamu ikikaribia kuisha wino, sehemu kubwa ya ndani yake imejaa hewa. Joto la mkono huipanua hewa hiyo, nayo husukuma wino nje, tone likaanguka katikati ya ukurasa. Basi ijaze kalamu kabla haijaisha. Ndiyo sababu pia ya mifuko ya mashati kupata madoa tupandapo gari kwenda milimani, kwa mfano kutoka Mbarara kwenda Kabale. Kadiri tupandavyo, hewa ya nje yapungua nguvu na ile ya ndani ya kalamu yatanuka. Msafiri aijaze kalamu pomoni au aimwage kabisa, kisha aisimamishe mfukoni nibu ikielekea juu.

8. YALE AMBAYO NIBU HAIWEZI

Nisije nikawadanganya wadogo zangu wa kidato cha kwanza. Nibu hutawala unene wa mstari, ukubwa wa herufi zinazoweza kusomeka, na mwendo wa mkono. Haitawali nafasi kati ya maneno, wala unyoofu wa mistari, wala umbo la herufi zenyewe. Tuliandika sentensi moja kwa nibu tano, kila mmoja wetu, kisha tukazichanganya karatasi. Tuliweza kumtambua mwandishi karibu kila mara, nibu iwayo yote. Mwandiko ni kama sauti: ukibadili ngoma, mwimbaji ni yule yule. Mtaka cha mvunguni sharti ainame, na mtaka mwandiko mzuri sharti afanye mazoezi. Kazi ya nibu ni kutoyaharibu mazoezi yako.

MAZOEZI

Msomaji mwenye kalamu ya wino, hata moja tu, na ajaribu haya:

(a) Piga mistari kumi bila kukandamiza. Kama mstari hautoki, osha nibu, usiongeze nguvu.

(b) Pima unene wa mstari wako. Njia rahisi ni kupiga mistari kumi iliyogusana bila kuacha nafasi, kupima upana wa yote kwa rula, kisha kugawanya kwa kumi.

(c) Zidisha unene huo mara tano. Hicho ndicho kimo chema cha mwili wa herufi zako. Kisipungue mara nne.

(d) Andika maneno haya kwa kasi ya mtihani: lea, lia, baba, bubu, panda, punda. Mpe mwenzako ayasome bila kuyajua kwanza.

(e) Andika 3, 8, 5, 6, 0 ndani ya kisanduku chenye kimo cha milimita 3. Kikaratasi kikae siku moja, kisha kikusomwe na mtu mwingine, si wewe. Mwandishi si shahidi mwema wa mwandiko wake.

MWISHO

Muhula huu Bruda amenirudishia kazi ya vikaratasi. Sikuiomba. Alikuja tu na bunda la karatasi, akaliweka mezani pangu, akaniuliza, “Nibu gani?” Nikamwonyesha F. Akaitazama, akaenda zake.

Naandika tarakimu kwa nibu hiyo, kwa kimo cha milimita 4, na chini yake naandika kiasi hicho hicho kwa maneno: elfu thelathini, elfu themanini. Maneno hayo huchukua nafasi ya nusu mstari na muda mchache. Yule mtoto sasa yuko kidato cha pili, naye amejiunga na chama chetu. Kwa fedha nilizopata kwa kulima likizo iliyopita nilimpa bei ya tembe mmoja ampelekee mama yake. Bado nadaiwa wawili.

Kwenu wakubwa wetu: kama mna kalamu za wino zilizolala katika masanduku, hata zilizokauka, zileteni. Tumekwisha jifunza kuziosha.